Mlango wenye tundu la shoka: namna mji mdogo unavyotunza historia yake

   Mazungumzo ya leo ni ya ninyi wote, lakini zaidi ni ya wale ambao watu huwaendea wakiuliza: «Hapa zamani palikuwa pa nani?»

Tutazungumza juu ya makumbusho. Ukisikia neno hilo labda unafikiri nyumba kubwa ya Serikali, yenye vinyago ndani ya vioo na mlinzi mlangoni. Leo tunasema juu ya makumbusho ya mji mdogo: chumba kimoja ao viwili, vitu vya watu wa pale pale, na chama cha wenyeji kinachoshika ufunguo. Vyama vya namna hiyo ni vingi duniani. Havina feza nyingi. Mara nyingi vinaendeshwa na mwalimu aliyestaafu, mkulima mmoja anayependa mambo ya zamani, na mama mmoja anayejua kuandika vizuri.

Mtu ataniuliza: jamaa hazina sufuria ya kupikia, na wewe unatuletea habari ya makumbusho? Ana haki ya kuuliza. Lakini angalia jambo hili. Historia ya mapigano inatunzwa hata pasipo nyumba ya kuitunzia. Inatunzwa jioni kando ya moto, wakati mtoto anasikiliza na wakubwa wanafikiri amelala. Inatunzwa ndani ya majina ya dharau tunayowapa jirani. Kijana wa miaka kumi na tano anaweza kukuambia nani aliua nani katika mwaka ambao yeye hakuwa amezaliwa, tena anakuambia kwa upande mmoja tu. Kwa hiyo kazi ya kutunza inafanyika tayari kila siku, bila mtu yeyote kuisimamia. Ndiyo maana tunataka kuiangalia leo kwa karibu.

Tuchukue mji mmoja wa mbali, ambao habari zake zinajulikana vizuri. Unaitwa Deerfield, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Ni mji mdogo wa wakulima katika bonde la mto Connecticut. Kabla ya Waingereza kufika, ardhi ile ilikuwa ya watu walioitwa Wapocumtuck. Hao ni katika wale ambao vitabu vyetu vya shule viliwaita Wahindi Wekundu, lakini wao wenyewe wana majina yao, kila taifa na lake. Waingereza walijenga pale katika miaka ya 1670. Vita havikukawia. Mwaka 1675 wakulima na askari Waingereza walivamiwa na kuuawa karibu na mji, kwenye kijito ambacho hata leo kinaitwa Kijito cha Damu. Mwezi wa Mei 1676 Waingereza, wakiongozwa na kapiteni William Turner, walivamia kambi ya wenyeji alfajiri, kwenye maporomoko ya maji, wakaua mamia, na wengi wa waliokufa walikuwa wazee, wanawake na watoto.

Nimeanza na miaka hiyo makusudi, sababu ukiingia Deerfield hadithi utakayosikia kwanza inaanza mwaka 1704.

Tarehe 29 Februari 1704, kabla ya jua kutoka, Wafaransa kutoka Canada pamoja na wapiganaji wa mataifa kadhaa ya wenyeji, Waabenaki, Wamohawk, Wawendat na wengine, walivamia mji. Theluji, ile mnayoiona juu ya Ruwenzori, ilikuwa imejaa hata ikafika karibu na ncha ya ukuta wa miti uliozunguka nyumba, na washambulizi wakapanda juu yake wakaingia. Mji ulikuwa na watu karibu 300. Karibu 50 waliuawa. Watu 112 walikamatwa, wakatembezwa kwa miguu katika baridi kali karibu kilometa 500 hadi Canada. Waliochoka, na watoto wachanga, waliuawa njiani. Ninyi mliotembea na watoto mgongoni kutoka kijiji hata kijiji hamhitaji kuelezwa zaidi.

Kati ya mateka alikuwa mchungaji wa mji, John Williams, na watoto wake. Mke wake aliuawa njiani. Mchungaji alirudi mwaka 1706, akaandika kitabu juu ya mateso yao. Lakini binti yake Eunice, aliyekuwa na miaka saba siku ile, hakurudi. Alilelewa na jamaa ya Wamohawk huko Kahnawake, akapewa jina lingine, akasahau Kiingereza, akaolewa na mtu wa kule. Baba yake alipomfikia na kumsihi, alikataa kurudi. Miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1740, alikuja kuwatembelea ndugu zake, akakaa siku chache, akarudi kwake. Alikufa Kahnawake mwaka 1785. Kwa jamaa yake ya Kiingereza alikuwa mtoto aliyepotea. Kwa jamaa yake ya Kahnawake alikuwa mama na bibi. Weka jambo hilo moyoni, tutalirudia.

Sasa tufike kwenye mlango. Katika mji ule kulikuwa na nyumba ya mtu aitwaye John Sheldon. Washambulizi waliupiga mlango wake kwa shoka, mbao zikawa nene, ukatoboka tu tundu. Wenyeji wanasimulia kwamba kupitia tundu lile risasi iliingia ikamwua mke wa Sheldon. Nyumba ile ilisimama karibu miaka 150. Mwenyewe alipotaka kuibomoa, watu wa mji walijaribu kuiokoa, wakashindwa, ikabomolewa mwaka 1848. Mlango ulibaki. Baadaye uliuzwa kwa daktari mmoja wa Boston, na watu wa Deerfield wakasumbuka hata ukarudishwa. Ndipo wakajiuliza: tunauweka wapi? Mwaka 1870, chini ya uongozi wa George Sheldon, mkulima na mjukuu wa ukoo ule ule, walianzisha chama cha historia, Pocumtuck Valley Memorial Association. Mwaka 1880 wakafungua makumbusho yao katika jengo la zamani la shule. Mlango upo pale mpaka leo.

Nataka uone mambo mazuri waliyofanya, sababu yako mengi. Kwanza, hawakungoja vitu vya wafalme. Walipita nyumba kwa nyumba wakiomba vitu vya kazi: vyungu, majembe, vitanda, vitambaa, vyombo vya kusokota uzi. Walitengeneza jiko zima la zamani ndani ya makumbusho, ili mtoto aone namna bibi yake alivyopika. Kila kitu kiliandikwa: kimetoka kwa nani, na kwa jamaa gani. Pili, alikuwapo mwalimu mmoja, Alice Baker, aliyeuliza swali ambalo wengine walikuwa wameacha kuuliza: wale ambao hawakurudi, walikuwa na maisha gani? Alikwenda Canada, akafungua vitabu vya ubatizo na vya ndoa katika parokia za Wakatoliki, ukurasa kwa ukurasa. Akakuta majina ya Kiingereza yamegeuzwa kwa sauti ya Kifaransa, akawafuata watoto hao hata ndoa zao na wajukuu wao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1897. Wakubwa wa parokia mnaonisikia, daftari mlilo nalo kabatini, lile lililoanza kuliwa na mende, lina thamani kuliko kinyago.

Lakini chama hicho kilifanya pia jambo ambalo liliumiza watu kwa zaidi ya miaka mia moja, na kililifanya kwa herufi nzuri, juu ya marumaru. Ukutani waliweka mawe yenye majina ya waliokufa na waliochukuliwa. Wazo lilikuwa jema. Tatizo lilikuwa maneno. Wenyeji wa nchi waliitwa washenzi. Juu ya binti mmoja aliyebaki Canada, jiwe lilisema kwamba aliolewa na mshenzi, na yeye akawa mshenzi. Fikiri kwamba wewe ni mjukuu wa binti huyo, umetembea kutoka mbali kuja kuona jina la bibi yako, na unasoma hayo.

Na wajukuu walikuwa wanakuja kweli. Mwaka 1837, miaka 33 kabla ya chama kuzaliwa, kikundi cha Waabenaki walifika Deerfield wakasema wao ni uzao wa Eunice Williams. Walipiga kambi pale, wakatembelea makaburi ya wakubwa wao. Watu wa mji waliwaona kwa macho. Hata hivyo vitabu na makumbusho viliendelea kusimulia kana kwamba watu wale wamekwisha kabisa duniani, na kilichobaki ni vichwa vya mishale ndani ya kioo. Margaret Bruchac, mwana historia wa asili ya Kiabenaki, ameonyesha namna George Sheldon, katika maandiko yake na katika makumbusho yake, alivyowafanya wenyeji wa nchi wapotee. Mimi nadhani hakuna namna rahisi zaidi ya kumnyima mtu ardhi kuliko kusema kwa adabu kwamba zamani alikuwapo.

Wapo wengine waliosahauliwa. Mchungaji Williams alikuwa na watumwa weusi wawili, Frank na Parthena. Wote wawili waliuawa mwaka 1704, mikononi mwa watu ambao hawakuwa na ugomvi nao, katika vita visivyowahusu. Tena karibu miaka arobaini baadaye, katika mji ule ule, aliishi mwanamke mtumwa aliyeibwa Afrika akiwa mtoto, Lucy Terry. Mwaka 1746 kulipotokea shambulio lingine, yeye ndiye aliyetunga shairi la kulisimulia. Shairi lile lilitembea kwa midomo ya watu mpaka likachapwa mwaka 1855, na ndilo linalohesabiwa kuwa shairi la zamani zaidi la mtu mweusi wa Marekani. Mji wa Waingereza, lakini msimulizi wake alikuwa mtoto wa Afrika.

Je, walitengeneza? Ndiyo, lakini polepole. Ilipofika miaka 300 ya shambulio, mwaka 2004, chama kilifanya kazi pamoja na watu wa Kahnawake, Wawendat, Waabenaki na wana historia wa Kifaransa na wa Kiingereza. Habari ile ile ya usiku mmoja ilielezwa kwa macho ya mataifa matano, moja kando ya lingine. Haikuchanganywa iwe habari moja ya katikati isiyomkasirisha mtu. Hapo ndipo msomaji anaona kwamba Waabenaki walikuwa na sababu zao, na kwamba mwaka 1676 haukuwa umesahauliwa na waliofiwa. Kwenye mawe kadhaa ya ukutani chama kiliweka maneno mapya, bila kuvunja mawe yenyewe. Mimi nakubali uamuzi huo. Ukivunja jiwe, watoto hawatajua kwamba babu zao waliandika hivyo.

Na mlango? Watu waliuangalia kwa miaka mingi juu ya tundu lake. Lakini John Sheldon, mwenye mlango ule, aliyefiwa na mke mlangoni pake, alisafiri mara tatu kwenda Canada, katika nchi ya adui zake, kuzungumza na kuomba mateka warudishwe. Wengine walirudi kwa sababu yake. Kitu ni kile kile, mbao na misumari. Ukiandika chini yake «hapa waliingia na shoka», umesema kweli. Ukiandika pia «mwenye mlango huu alikwenda kuzungumza na waliompiga», umesema kweli, na mtoto anayesoma anatoka na habari nyingine kabisa. Kuendesha makumbusho kwa sehemu kubwa ni kazi hiyo ya kuandika mistari miwili chini ya kitu, na kujua ni nani aliyekuwa mezani wakati inaandikwa.

Labda unasema: hayo ni mambo ya Wazungu, ya miaka mia tatu, na waliouana wamekwisha kufa. Neno hilo lina uzito. Ni rahisi kumwalika kitukuu cha adui; kumwalika mtu ambaye mwenyewe alishika panga ni kazi nyingine. Basi tusogee karibu, twende Kenya, sehemu ya Lari, katika nchi ya Wakikuyu, si mbali na Nairobi.

Mambo ya Lari yalianza na ardhi. Serikali ya kikoloni ilitaka watu weusi watoke Tigoni, kwa kuwa palikuwa kati ya mashamba ya Wazungu. Chifu mmoja, Luka Wakahangara, alikubali kuhama na watu wake, akapewa ardhi Lari karibu na mwaka 1940. Wengine walikataa, wakatolewa kwa nguvu. Na huko Lari kulikuwa tayari na watu waliosema ardhi ile ni yao. Sikilizeni, wakubwa wa vijiji: watu wamehamishwa, wamepewa mahali penye wenyewe, kwa karatasi ya Serikali. Chuki ilikaa pale zaidi ya miaka kumi.

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walivamia nyumba za Luka na za watu waliokuwa upande wa Serikali. Waliziba milango wakachoma nyumba. Watu zaidi ya 70 walikufa, wengi wanawake na watoto, na Luka mwenyewe akauawa. Usiku ule ule na siku zilizofuata, polisi na walinzi wa upande wa Serikali walilipiza kisasi, wakaua watu wengi, na Serikali haikutangaza hesabu yao kamwe. Wa mauaji ya kwanza walipigwa picha, wakaonyeshwa dunia nzima. Wa mauaji ya pili hawakupigwa picha. Baada ya hukumu za mahakama watu 71 walinyongwa. Na waliobaki, wa pande zote mbili, waliendelea kuchota maji kwenye mto mmoja.

Mwaka 2001, katika mji mdogo wa Kimende, wazee waliokuwa Mau Mau na wazee waliokuwa walinzi wa Serikali walianzisha makumbusho pamoja, Lari Memorial Peace Museum. Hawakuamka asubuhi moja wakapendana. Tangu mwaka 1994 Sultan Somjee, wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alikuwa amefanya kazi na watu wa vijijini kukusanya vitu ambavyo kila jamii ilitumia kufanya amani: mikanda ya wamama, fimbo za wazee, vibuyu, matawi ya miti fulani. Ndipo makumbusho madogo ya amani yakazaliwa hapa na pale nchini Kenya. Hiyo ilikuwa akili. Wazee wakianza na swali «nani alichoma nyumba ya nani», kikao kinavunjika kabla ya chai. Wakianza na «babu zetu walipomaliza ugomvi walitumia kitu gani», kila mmoja ana neno la kusema, na mara nyingi wanakuta kwamba kitu ni kimoja. Swali gumu linakuja baadaye, kati ya watu ambao wamekwisha kukaa pamoja.

Sasa turudi kwetu. Tangu mapigano ya Masisi na Walikale mwaka 1993, na vita vya 1996 na vya 1998, jamaa nyingi zimekimbia mara mbili, mara tatu, mara nne. Vitu vya wakubwa viliondoka zamani. Vingine viko Tervuren, Ubelgiji. Kati ya mwaka 1976 na 1982 vitu 114 vilirudishwa kutoka huko, na sehemu yake vikapotea tena katika vurugu za miaka ya 1990. Hayo ni mazungumzo ya siku nyingine. Mimi nasema juu ya vitu mlivyobeba ninyi. Ufunguo wa nyumba iliyochomwa. Karatasi ya shamba iliyokunjwa mara nane. Kadi ya kupigia kura, picha ya ndoa, mwiko wa kusongea bugali, kibuyu cha maziwa, kipande cha kengele ya shule. Kila kimoja kina mwenye kukieleza, na mwenye kukieleza anazeeka.

Chama kidogo cha kutunza vitu hivyo kinaweza kuanza na watu saba. Sheria nambari 004 ya tarehe 20 Julai 2001, inayohusu vyama visivyotafuta faida, ndiyo inayoonyesha njia ya kupata karatasi za Serikali. Lakini msingoje karatasi hizo ndipo muanze kuandika. Jambo la kwanza la kuangalia ni majina ya wale saba. Kama wote ni wa ukoo mmoja ao wa kabila moja, mmejenga Deerfield ya zamani, na vitu vya wengine havitaletwa kamwe. Ufunguo wa chumba uwe na makufuli mawili, watu wawili wa pande mbili, asiyepo mmoja hakifunguliwi. Inasumbua, najua. Siku moja mtakuja kushukuru usumbufu huo.

Daftari ndilo moyo wa kazi. Kila kitu kipewe nambari, na nambari hiyo iandikwe kwenye kitu chenyewe mahali pasipoonekana sana. Andikeni kimetoka kijiji gani, nani amekileta, siku gani, na kama amekitoa kabisa ao amekiazima. Jambo la kuazima ni la lazima kwa jamaa zilizohama: mama anayeacha ufunguo wake lazima ajue kwamba siku atakaporudi kwake atauchukua, bila kulipa, bila kuomba mara mbili. Kisha andikeni maneno yake mwenyewe, kama anavyoyasema, kwa lugha yake. Acheni nafasi chini. Mtu mwingine akija akasema «hapana, haikuwa hivyo», msibishane naye. Andikeni maneno yake chini ya yale ya kwanza, na jina lake kama anakubali. Na daftari moja halitoshi, moja linaungua. Nakala ya pili ikae mji mwingine, kwa mtu mnayemwamini.

Juu ya nyumba yenyewe nitasema machache. Unyevu na mchwa vinakula kuliko vita. Vitu visilale chini, viwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Karatasi na picha zisipigwe na jua. Moshi wa jiko usifike.

Kuna vitu ambavyo mimi ningekataa kuvipokea, hata mwenyewe akisisitiza. Bunduki na risasi, hata zilizokufa. Mifupa ya watu: hiyo inazikwa, kwa heshima, na jamaa zake. Na majina ya watu wanaoshitakiwa kwamba waliua. Majina hayo ni ya tribinali, mahali ambapo mshitakiwa anaweza kujibu. Ukiyabandika ukutani katika mji mdogo, umetayarisha orodha ya kisasi, na wewe mwenye ufunguo utakuwa wa kwanza kuulizwa. Lakini majina ya waliokufa yaandikwe, yote, ya pande zote, pamoja na ya wapita njia, ya wafanyakazi wa nyumbani, ya wale ambao ni Frank na Parthena wetu, waliokufa katika ugomvi usio wao.

Tena, wakubwa, msikubali makumbusho yageuzwe kuwa ushahidi wa ardhi. Siku watu watakapofahamu kwamba kibuyu ukutani kinampa fulani haki ya kilima, vibuyu vya uongo vitajaa chumba kizima ndani ya mwezi mmoja. Mwambieni kila anayeleta kitu, na iandikwe mlangoni kwa Kiswahili na kwa lugha za pale: kitu kilichomo humu hakimpi mtu shamba, wala hakimnyang'anyi. Mambo ya mipaka yana wazee wake na ofisi zake.

Wale wanaotaka kuanza juma hili, ukurasa wa kwanza wa daftari msiweke jina la mtu yeyote. Iteni bibi mmoja wa kila upande, wakae pamoja, wataje vijito, vilima, visima na njia za kwenda sokoni kama zilivyoitwa walipokuwa wasichana. Pale mahali pamoja panapokuwa na majina mawili, andikeni yote mawili, kwenye mstari mmoja. Bibi hao wakichoka, watakunywa chai, na mtaendelea kesho yake.